Filamu ya ukuta, na sanduku la mama kule Gulwe

Nimefundisha Hisabati miaka ishirini na moja, mingi yake hapa Dodoma mjini. Sikuwahi kufikiri kwamba filamu ya muziki wa roki, iliyotoka nikiwa mtoto wa miaka mitatu na kitu, ingeninyima usingizi wiki tatu. Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Wako wengi wenye jambo walilolifungia ndani tangu utotoni, na siku moja watabonyeza kitufe bila kujua wanafungua nini. Mimi nilikosea mara kadhaa, na makosa mengine yaliwaangukia watu ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Filamu yenyewe ni Pink Floyd – The Wall, yaani Ukuta, ya mwaka 1982. Mwongozaji ni Alan Parker, na hadithi ni ya Roger Waters wa kundi la Pink Floyd, aliyeitoa kwenye albamu yao ya mwaka 1979. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza aliniwekea kwenye flashi, akaniambia, "Mwalimu, humu kuna ule wimbo wa wanafunzi, utaupenda." Wimbo nilikuwa naujua kutoka redioni, ule wenye kwaya ya watoto. Nilijua pia kwamba mwaka 1980 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliupiga marufuku, kwa sababu wanafunzi weusi waliokuwa wamegoma kwenda shule waliufanya wimbo wao. Basi nilitegemea kuona jukwaa, magitaa na taa za rangi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, msimu ule upepo wa Dodoma unapopiga mabati usiku kucha. Mama watoto alikuwa Kondoa kwenye msiba wa shangazi yake, watoto wamelala. Nikazima taa, nikavaa hedifoni, nikaanza.

Mtu akiambiwa tu kwamba filamu "ni nzito" hajaambiwa kitu, kwa hiyo niieleze inavyokwenda. Mwanamuziki anayeitwa Pink amejifungia kwenye chumba cha hoteli. Amekaa kwenye kiti mbele ya televisheni, sigara inaungua yenyewe kati ya vidole mpaka majivu yanakuwa marefu kama kidole, na hayakatiki. Mkononi ana saa ya kitoto yenye picha ya Mickey Mouse. Mtu haongei. Karibu filamu nzima, dakika 95, watu hawazungumzi. Nyimbo ndizo zinazosimulia. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea kuwa na mtu anayetufafanulia kila kinachotokea. Humu hakuna wa kukushika mkono. Picha zinakuja kama ndoto za mtu mwenye malaria: vita, utoto, shule, mke, mama, halafu katuni za Gerald Scarfe ambamo maua yanararuana na nyundo zinatembea kwa gwaride. Aliyeigiza Pink ni Bob Geldof, yuleyule ambaye miaka mitatu baadaye aliandaa tamasha la Live Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia.

Baba yake Pink alikufa vitani. Mtoto yuko kwenye bembea za watoto, wenzake wana baba zao. Mwanamume mmoja aliyekuja na mwanawe anamsaidia kupanda, na yule mtoto anaona amepata. Anamfuata, anamshika mkono. Mwanamume anauondoa mkono wake. Mtoto anashika tena, anaondolewa tena.

Hapo koo lilinikaza lakini niliendelea. Kisha mtoto akafungua droo ya mama yake, akakuta sare ya baba na karatasi ya rambirambi kutoka kwa mfalme. Akavaa lile koti. Mikono ya koti ikafunika vidole vyake. Akasimama mbele ya kioo.

Nilivua hedifoni nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, vumbi linanipiga usoni, na nikalia kwa namna ambayo sikulia hata siku ya kumzika bibi yangu aliyenilea.

Nieleze kwa nini. Nilizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, Oktoba 1978, mwezi uleule majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera. Baba alikuwa mgambo. Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, mgambo wengi walichukuliwa, na baba akawa mmoja wao. Alifia Lukaya, kwenye ile barabara ya kinamasi kati ya Masaka na Kampala, ambako tarehe 10 na 11 Machi 1979 brigedi yetu ilipambana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Nilikuwa na miezi mitano.

Mama alikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani chini ya kitanda. Nikiwa na miaka tisa nililifungua. Kulikuwa na shati la kaki, kitana, picha ndogo ya kitambulisho, na barua yenye muhuri. Nikalivaa shati. Mama akanikuta nimesimama katikati ya chumba, mikono ya shati inaning'inia. Alinichapa mpaka mwiko ukavunjika, halafu akakaa chini akalia, na kuanzia siku ile hatukulizungumza tena. Mambo hayo nilikuwa nimeyasahau, na ninaposema kusahau namaanisha hayakuwemo kabisa kichwani. Yalirudi yote kwa sekunde tano, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kwa sababu ya mtoto wa Kizungu mbele ya kioo.

Nilipotulia nilirudi ndani nikaendelea kuangalia. Hilo ndilo kosa ninalolijutia zaidi kwa upande wangu. Ukiguswa hivyo, zima. Filamu haikimbii, na kinachofuata hakipungui uzito; kinazidi. Pink anavunja chumba cha hoteli, anajinyoa mwili mzima pamoja na nyusi, damu inatoka, anapoteza fahamu, kisha anageuka kuwa kiongozi wa kidikteta anayewachochea watu wafukuze wenzao ukumbini. Niliangalia yote hayo saa nane za usiku nikiwa tayari nimejeruhiwa. Kama una mtu nyumbani aliyewahi kujikata au kujidhuru, au aliyepambana na madawa, usimwachie kabisa. Na kama Kiingereza cha nyimbo kinakupita, weka manukuu. Usipoelewa maneno unabaki na picha peke yake, na picha peke yake zinatisha kuliko hadithi.

Kosa la Jumapili lilikuwa baya zaidi, maana halikuwa langu kulibeba. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, alikuta flashi mezani. Akaona vipande vya katuni. "Baba, hii ni katuni?" Nikiwa nimechoka, sijalala siku mbili, nikamjibu aangalie. Sisi wazazi wa huku tunaona kila kilichochorwa ni cha watoto. Marekani filamu hii ina daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima. Mimi nilimwacha mtoto nayo nikaenda kununua mkaa.

Niliporudi alikuwa ameizima mwenyewe. Alikuwa amefika pale shuleni. Mwalimu anamkamata Pink akiandika shairi, analichukua daftari na kulisoma kwa sauti ya kejeli, darasa linacheka, anamchapa rula mkononi. Halafu wanafunzi wanavishwa sura zinazofanana, zisizo na macho wala mdomo wa kueleweka, wanatembea kwa foleni na kutumbukia kwenye mashine ya kusagia nyama.

Mwanangu aliniuliza, "Baba, na wewe shuleni uko hivyo?"

Nikamwambia hapana. Usiku ule hakulala vizuri, na usiku uliofuata alikuja kulala chini kwenye mkeka karibu na kitanda chetu. Mama watoto aliporudi alimkuta hapo, akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Nilikosa jibu.

Jibu nililompa mwanangu halikuwa la kweli. Mwaka 2011, nikifundisha kidato cha pili kwenye shule nyingine, nilimkamata kijana wa nyuma akiandika shairi wakati nafundisha milinganyo. Lilikuwa na beti nne, kuhusu mbuyu ulioanguka kwao. Nililisoma mbele ya darasa, nikiivuta sauti kama mganga wa kwenye maigizo. Darasa lilicheka sana. Kisha nikamchapa viboko sita. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyemruhusu, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi sikuomba ruhusa wala sikuandika popote. Na nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Wiki zile tatu zilikuwa ngumu. Nilikuwa naamka saa tisa za usiku na kusikia ule muziki. Darasani nikishika chaki mkono unatetemeka. Niliacha tuisheni ya jioni, nikapoteza kama Sh120,000, na kwa mshahara wa mwalimu hizo si fedha ndogo. Siku moja nilianza kulia kwenye ofisi ya walimu mbele ya daftari za wanafunzi, nikasingizia vumbi.

Mama watoto ndiye aliyesema niende nikamwone mtaalamu. Nilikataa kwa sababu moja tu, na kila mkazi wa Dodoma ataielewa: Mirembe. Ni hospitali ya afya ya akili ya taifa, ipo hapahapa mjini tangu enzi za Waingereza, na jina lake tumeligeuza tusi. Mtu akikosea njia tunamwambia arudi Mirembe. Niliona nikionekana tu karibu na mlango wa mshauri, kesho wanafunzi wataniita mgonjwa wa Mirembe.

Mwishowe nilikwenda kwa mshauri kwenye hospitali nyingine ya kawaida. Nililipa Sh15,000 kwa kila safari, nilikwenda mara tatu. Hakuniandikia dawa. Aliniuliza habari za baba, nikagundua sina sentensi hata tatu za kumweleza. Muuguzi wa pale, mama aliyeishi Kampala miaka ya nyuma, aliponisikia nikilitaja jina lile kwa hofu aliniambia kwamba kwa Kiganda neno mirembe maana yake ni amani. Nilikaa nalo neno hilo siku nyingi. Baba alifia njiani kuelekea Kampala, na huko wangemsalimia kwa neno ambalo mimi nilikuwa naliogopa.

Mshauri alinipa kazi mbili. Ya kwanza nisome kuhusu mtu aliyeitunga hadithi ile, ili niache kuiona kama jinamizi lililonijia mimi tu. Nikasoma. Roger Waters alizaliwa Septemba 1943. Baba yake, Eric Fletcher Waters, aliuawa Anzio, Italia, tarehe 18 Februari 1944. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Na yule baba kabla ya vita alikuwa mwalimu. Nilisoma aya hiyo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki, nikatoka kwenye foleni.

Nikasoma pia kwamba wazo la ukuta, ule ambao Pink anajijengea tofali kwa tofali kujitenga na watu, lilimjia Waters baada ya onyesho la Montreal mwaka 1977, alipomtemea mate shabiki aliyekuwa mbele ya jukwaa, kisha akashtuka amekuwa mtu wa namna gani. Yeye alitema mate. Mimi nilisoma shairi la mtoto kwa sauti ya mganga. Ukuta sikuwa nimejengewa tu na vita na ukimya wa mama. Matofali mengine nilikuwa nayafyatua mwenyewe na kuwajengea watoto wa watu.

Kazi ya pili ilikuwa kuongea na watu wawili. Yule kijana nilimtafuta kupitia wenzake. Sasa ni fundi pikipiki Nkuhungu. Nilimkuta amechuchumaa, mikono imejaa grisi, ameshika mnyororo. Aliinuka haraka. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa siku ile ya shairi. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole baada ya kidole. Kisha akasema, "Mwalimu, viboko hata sivikumbuki. Nakumbuka ulivyosoma." Nikamwuliza kama bado anaandika. Akasema aliacha siku ileile. Hakunifokea wala hakuniambia amenisamehe. Aliniletea kigoda nikae, akarudi kwenye pikipiki, na nilikaa pale karibu saa nzima tukiongea habari za bei ya vipuri. Kwa mwalimu mwenzangu anayewaza kufanya hivi: nenda, lakini usiende ukitegemea kuondoka mwepesi. Na usimpelekee fedha. Nilikuwa nimebeba bahasha, nikairudisha mfukoni, na nashukuru niliirudisha.

Mtu wa pili alikuwa mama. Nilipanda basi asubuhi hadi Mpwapwa, na kutoka pale nikachukua bodaboda. Mama ana miaka sabini na kitu, bado analima, bado analala na lile sanduku chini ya kitanda. Nilibeba kompyuta mpakato. Sikutaka kumwonyesha filamu nzima, hapana. Nilikata vipande viwili tu, kile cha bembea na kile cha koti. Niliuliza kwanza kama yuko tayari kuona kitu cha mtoto asiye na baba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Weka." Tuliangalia mchana, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka.

Pale mwanamume alipouondoa mkono wa mtoto, mama alishika kanga yake mdomoni.

"Hivi ndivyo ulivyofanya mnadani," akasema. "Ulikuwa na miaka minne. Ulimshika suruali mchuuzi mmoja wa ng'ombe, ukamfuata mpaka kwenye lori lake. Akawa anakubandua vidole, kimoja kimoja. Mimi niko ng'ambo nawaona, miguu haiendi."

Sikuwahi kuambiwa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa Kigogo kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama kusema, hukuuliza.

Kisha kikaja kile cha koti. Nilikuwa namwangalia yeye, siangalii kioo cha kompyuta. Kilipokwisha aliingia chumbani nikasikia bati likikwaruza sakafu. Alirudi na sanduku. Shati bado lipo, limeliwa na mende kwenye ukosi, na kwenye mfuko kuna tiketi ya treni ya kutoka Gulwe ambayo hata yeye alikuwa ameisahau. Tulisoma barua pamoja. Imeandikwa kwa mashine, mistari sita, na jina la baba limekosewa herufi moja. Alisema herufi ile ilimuuma miaka yote, akitumaini kwamba labda aliyekufa ni mtu mwingine.

Nimeuliza habari za Kaboya, kule Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita ile. Anayetaka kwenda aanze na nyaraka: jina kamili, namba ya jeshi kama ipo, na tarehe. Na aombe ruhusa mapema, kwani ni eneo la jeshi. Waters mwenyewe alikwenda Italia Februari 2014, miaka 70 kamili, kuzindua mnara wa kumbukumbu karibu na alipofia baba yake. Mama anataka twende baada ya mavuno. Nauli ya watu wawili, kulala na kula njiani nimeipigia hesabu, inakaribia Sh400,000 kwenda na kurudi, na nimeanza kuweka kidogo kidogo.

Mwanangu nimekaa naye pia. Nilimwambia kwamba siku ile nilimdanganya, na kwamba niliwahi kuwa hivyo. Aliuliza yule kijana anaitwa nani. Nikamtajia.

Siku ile Gulwe, kabla sijaondoka, mama aliuliza yule mtoto wa kwenye picha aliishia wapi. Nikamwekea dakika za mwisho kabisa. Ukuta umeshalipuka, na watoto wadogo wako kwenye vifusi, wanaokota. Mmoja anapakia matofali kwenye gari lake la kuchezea.

"Wanaokota nini?"

"Matofali, mama."

Akasogea karibu kuangalia. "Mengine bado mazima," akasema.

Halafu akaniomba nimrudishie nyuma, pale pa koti. Tuliangalia mara nne, shati la baba liko mapajani mwake, mpaka betri ikaisha.